Kiwanja Kisicho na Mnara

Kiwanja kidogo cha ndege hakifi kwa kukosa ndege. Mara nyingi kinakufa kwa miti. Mtu anapanda miti mwisho wa njia ya kurukia, mwingine anainua ghorofa upande wa pili, kampuni ya simu inasimamisha mnara pale ilipopata eneo, na katika wote hao hakuna aliyekusudia ubaya. Miaka inapita. Njia ni ile ile, urefu ni ule ule, nyasi zinafyekwa kama kawaida, lakini rubani aliyekuwa akiondoka na abiria tisa sasa anakubali watano, na yule wa ndege kubwa kidogo amekwisha acha kuja. Kwenye karatasi kiwanja kipo. Kwa mtu anayekitazama kutoka juu, kimeshafungwa.

Nimeanza na miti kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo juu ya viwanja vya vijijini karibu yote huanza na swali jingine: zinatua ndege ngapi kwa siku? Jibu likiwa mbili, au moja kwa wiki, wasikilizaji wanatazamana, na mwenye hoja ya kugawa viwanja vya nyumba ameshinda kabla hajafungua mdomo. Sikubaliani na hesabu hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Mimi si rubani. Kazi imenipitisha kwenye viwanja vya namna hii, nikakaa kwenye mabenchi yao nikisubiri ndege iliyochelewa, na kwa kuwa hakuna kitu cha kupitishia muda nikajikuta nauliza maswali. Marubani wanapenda kuulizwa. Watunza viwanja wanapenda zaidi, maana wao hakuna anayewauliza kitu.

Ukifika kwa mara ya kwanza huoni mengi. Njia moja, ya nyasi, changarawe au lami, pengine mita 700, pengine 1,000. Soksi ya upepo juu ya mlingoti. Banda la ndege moja au mawili. Tangi la mafuta, kama kiwanja kina bahati. Hakuna mnara wa kuongozea ndege, hakuna foleni, hakuna wa kukuvua mkanda. Kwa mtu aliyezoea viwanja vikubwa, mahali hapa panafanana na mradi ulioishiwa fedha katikati. Kumbe ndivyo vilivyo viwanja vingi. Nchini Marekani, viwanja vilivyo wazi kwa umma ni takriban 5,000, na ndege za mashirika zenye ratiba zinatua kwenye takriban 500 tu. Vilivyobaki, tisa katika kila kumi, ni vya wanafunzi wa urubani, wanyunyizia dawa mashamba, wazima moto wa misitu, madaktari, wabeba mizigo midogo, na mzee anayeruka Jumamosi kwa kuwa anapenda tu, jambo ambalo sioni ubaya wake.

Swali linalomjia kila mgeni ni hili: bila mnara, nani anairuhusu ndege itue? Hakuna. Rubani anajiruhusu mwenyewe, kwa kufuata utaratibu ambao kila rubani mwingine anaujua. Mara ya kwanza kuelezwa hivyo nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kulia kwa rubani, mikono yangu mapajani nisiguse kitu. Tulikuwa tumekwisha fika lakini hatukutua. Alipita kwanza juu ya kiwanja, akainamisha bawa upande wake, akaitazama soksi kwa sekunde chache, akatazama njia kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mbuzi." Mimi sikuona mbuzi yeyote. Tukazunguka tena kwa chini zaidi, mngurumo wa injini ukawatoa, na ndipo nikaona vitu vyeupe vikikimbilia kichakani.

Soksi ile ina kanuni zake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza isiwe fupi kuliko mita 3.6, mdomo wake mpana usiwe chini ya sentimita 90, na rubani aliye mita 300 juu aweze kuisoma. Zile za vipimo vya Kimarekani hunyooka kabisa upepo ukifika noti 15, karibu kilomita 28 kwa saa. Ikilegea nusu, rubani anakisia. Ikiyumba huku na huko, anajua upepo wenyewe haujaamua, na anaongeza mwendo kidogo wakati wa kutua ili asije akaangushwa na pigo la ghafla.

Baada ya soksi, zinakuja namba zilizopakwa kwenye njia. Zile si za mfuatano wa njia. Ni uelekeo wa dira uliokatwa sifuri ya mwisho: 09 ni nyuzi 90, mashariki, 27 ni nyuzi 270, magharibi. Njia moja ina namba mbili, kila mwisho na yake, na tofauti yao ni 18 daima. Na kwa kuwa dira inafuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo inahama polepole, namba nazo huzeeka. Mwaka 2009 njia ya kiwanja cha Stansted, Uingereza, ilibadilishwa kutoka 05 na 23 kuwa 04 na 22 bila lami kusogezwa hata sentimita. Kwenye viwanja vidogo kazi kama hiyo ni ya mtu mmoja, ndoo ya rangi na brashi, na simu kwa mamlaka ili ramani zirekebishwe.

Ukishajua upepo unatoka wapi na namba gani inauelekea, unaingia kwenye mzunguko. Kwa kawaida ndege inazunguka kiwanja ikiwa na njia upande wa kushoto, kwa sababu rubani anakaa kushoto na huko ndiko anakoona vizuri, kwa kimo cha kama futi 1,000 juu ya ardhi. Inapita sambamba na njia ikiwa na upepo mgongoni, inakata kona, inakata nyingine, inaikabili njia. Katika kila kona rubani anatangaza kwenye masafa ya redio yanayotumiwa na wote: mimi ni nani, niko wapi, nakusudia nini. Hakuna anayejibu "sawa, tua", na wala hakuna anayetakiwa kujibu. Aliye jirani anasikia, anajipanga. Ndege mbili zikikaribia kutua kwa pamoja, iliyo chini ndiyo yenye haki, ila kanuni hiyo hiyo inakataza mtu kushuka kwa ujanja ili amkate mwenzake.

Utaratibu huu una tundu, na marubani hawalifichi. Kuna ndege ndogo zisizo na redio kabisa, na katika nchi nyingi kwenye viwanja vya aina hii zinaruhusiwa. Kuna rubani aliyeweka masafa yasiyo yenyewe na anajitangazia hewa tupu. Ndiyo maana ukiruka na rubani mzuri utamwona shingo haitulii. Yule wa kwangu alikuwa akiongea nami vizuri njia nzima, na tulipoingia kwenye mzunguko alinyamaza katikati ya sentensi na hakuimalizia mpaka tumesimama.

Usiku ndio ulionishangaza zaidi. Kwenye viwanja vingi vidogo vyenye taa, hasa Amerika ya Kaskazini, hakuna mtu wa kuziwasha. Rubani aliye angani anabonyeza kitufe cha redio yake: mara 3 ndani ya sekunde 5 taa zinawaka kwa mwanga mdogo, mara 5 wa kati, mara 7 mkali. Zinakaa dakika 15, kisha zinazima. Kwa hiyo mtu anayepita karibu usiku akaona giza na kusema "mahali hapa pamekufa" anasema asichokijua.

Sasa nirudi kwenye miti, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Ndege inapaa kwa hewa. Hewa ikiwa nyembamba, bawa linashika kidogo, propela inavuta kidogo, na injini yenyewe inapumua kidogo. Maumivu matatu kwa wakati mmoja. Hewa inakuwa nyembamba ukipanda juu kutoka usawa wa bahari, na inakuwa nyembamba pia kukiwa na joto. Marubani huviunganisha vyote viwili katika namba moja, ambayo kwa maneno mepesi ni kimo ambacho ndege inadhani ipo. Hesabu yake inawezekana kichwani. Chukua kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya bahari, siku ya joto la nyuzi 30, mgandamizo wa hewa ukiwa wa kawaida. Joto la kiwango kwenye usawa wa bahari ni nyuzi 15, na linapungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kwa futi 5,000 lingepaswa kuwa nyuzi 5. Leo limezidi kwa nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi inaongeza kama futi 120, jumla futi 3,000. Ndege imeegeshwa pale pale mlipoifungia kamba jana, lakini kwa injini na mabawa yake iko futi 8,000.

Ndiyo sababu marubani wa maeneo ya miinuko wanataka kuondoka alfajiri, na abiria wanaofika saa tano na mabegi ya ziada wanakuta sura imebadilika. Rubani hawaonei. Cessna 172 ya toleo la S, ndege ambayo familia yake imetengenezwa tangu 1956 na kuzidi 44,000, kwa hali ya kiwango na usawa wa bahari, ikiwa na uzito wake wote, inahitaji futi 960 kuacha ardhi, na futi 1,630 mpaka ivuke kizuizi cha futi 50. Yaani mita 293 na mita 497. Hizo ni za njia ngumu iliyo kavu. Kwenye nyasi kavu kitabu chake kinataka uongeze asilimia 15 ya umbali wa kukimbia. Kisha weka joto, weka mwinuko, weka nyasi ambazo hazijafyekwa, weka mzigo wa shangazi. Njia ya mita 800 iliyoonekana kubwa mno inaanza kuwa na mwisho.

Na angalia zile namba mbili. Tofauti kati ya kuacha ardhi na kuvuka kizuizi ni mita 200 na zaidi. Ndege ikishaacha ardhi haijamaliza kazi. Inahitaji uwazi mbele yake, na uwazi huo karibu wote uko nje ya uzio, kwenye ardhi ya watu wengine. Kwa njia fupi kuliko mita 800 zinazotumiwa kwa macho tu, bila vyombo, vipimo vya ICAO vinachora mteremko unaoanza mita 30 kabla ya ukingo wa kutulia, yaani pale sehemu ya kutua inapoanzia, na kupanda mita 1 kwa kila mita 20, hadi umbali wa mita 1,600. Kitu chochote kinachotoboa mteremko huo ni kizuizi. Mti wa mita 10 unatakiwa uwe angalau mita 230 kutoka ukingo. Mti huo ukikua hadi mita 15 ukiwa pale pale, mteremko mzima lazima usogezwe mita 100 ndani, na ukingo wa kutulia unasogea nao. Kila mita moja ya mti inakula mita 20 za njia.

Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi kwenye vikao vya ardhi. Ni hesabu ya darasa la sita. Lakini nimeona ramani za mipango miji ambazo kiwanja kimechorwa kama mstatili wenye uzio, kwa uzuri kabisa, na kuanzia uzio kwenda mbele ni viwanja vya makazi, shule, soko. Mchoraji alidhani kiwanja cha ndege kinaishia kwenye uzio wake.

Mtunza kiwanja anayajua haya kwa miguu. Kazi yake ya asubuhi, nilivyoiona, ni kutembea njia yote akiwa na fimbo na mfuko. Anapiga teke mawe kwenda pembeni, anachoma fimbo kwenye mashimo ya wanyama kuona yameenda wapi, anaokota nyaya, mifuko, vipande vya bati. Nilimwona akiinama kuokota jiwe lisilozidi punje ya harage nikadhani anajionyesha kwa sababu yangu. Baadaye rubani akanionyesha propela. Alipitisha ukucha polepole kwenye ukingo wake wa mbele, kutoka katikati kwenda nje, kama mtu anayetafuta upenyo wa kufungua, na ukucha ukakwama. Kidonda kidogo, milimita chache. Jiwe lililoruka wakati wa kuanza kukimbia. Kidonda kama hicho hakiachwi hivyo hivyo: fundi anakilainisha kwa tupa mpaka kiwe bonde jepesi, kwa sababu ncha kali ndipo ufa unapoanzia, na propela iliyopasuka ikizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika haina mjadala.

Kwa hiyo ukiniuliza kiwanja kidogo kina thamani gani, sitahesabu ndege. Nitauliza kama usiku wa manane, bila taarifa, rubani asiyekijua anaweza kukitegemea. Hicho ndicho kinacholipiwa, nacho kipo hata siku ambayo hakuna aliyetua.

Wanaolielewa hili kuliko wote ni watu wa madaktari warukao. Mwaka 1917, huko Halls Creek, magharibi mwa Australia, mchunga ng'ombe kijana aitwaye Jimmy Darcy aliangushwa na farasi akaumia vibaya ndani. Daktari wa karibu wa kumsaidia alikuwa Perth, maelfu ya kilomita kusini. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, alimpasua kwa kisu cha mfukoni akifuata maelekezo yaliyokuja kwa simu ya maandishi, nukta na mistari. Daktari naye alifunga safari, kwa meli, gari na farasi. Alifika Darcy akiwa amekwisha kufa siku moja kabla. Mchungaji John Flynn aliishika hadithi ile na kuisimulia kwa kila aliyemsikiliza, na tarehe 17 Mei 1928 ndege ya kwanza ya huduma aliyoihangaikia, De Havilland iliyokodiwa kutoka shirika la ndege la Qantas, iliruka kutoka Cloncurry, Queensland, ikiwa na daktari ndani.

Nusu ya pili ya hadithi hiyo haisimuliwi sana. Ndege peke yake haikutosha; ilibidi kuwe na pa kutua. Mashamba ya ng'ombe ya Australia yakajitengenezea njia zao, yakazisafisha, na mpaka leo ndege ya daktari ikiitwa usiku, mwenye shamba anapanda gari na kwenda juu na chini kufukuza kangaruu na ng'ombe, huku wengine wakipanga makopo pembeni mwa njia. Pasipo na taa za betri, karatasi za chooni zilizoloweshwa dizeli na kutiwa moto ndani ya kopo zimetosha kumwonyesha rubani kingo mbili za giza. Huo nao ni uwanja wa ndege, na una kila kitu cha lazima.

Huku kwetu Afrika Mashariki wazo hilo lilichukua sura mwaka 1957, pale madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoanzisha huduma ambayo leo ni Amref. Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa tayari mtu mzima, aliendesha ndege yake mwenyewe kwenda zahanati za mbali kwa miongo mitatu hivi, na wagonjwa wakamwita Mama Daktari. Unapofikiria kazi ya mtu kama huyo usifikirie kituo chake kikuu. Fikiria vipande vya ardhi alivyotua, na watu wasiotajwa popote waliovifyeka kabla hajafika.

Haya yote yana gharama, na sitaki kujifanya kwamba hoja ya wapinzani ni ya kipuuzi. Nani alipe? Marekani walijibu mwaka 1970 kwa kuunda mfuko unaojazwa hasa na kodi za tiketi na mafuta ya ndege, na kwa utaratibu uliokuja baadaye kiwanja kidogo kilichomo kwenye mpango wa taifa kinaweza kupata hadi dola 150,000 kwa mwaka kwa ajili ya njia, taa na uzio. Maana yake ni kwamba abiria wa ndege kubwa anamchangia mwenye ndege ndogo ambaye hatamwona maisha yake yote. Wapo wanaoona huo ni wizi wenye adabu. Mimi ninachokipenda zaidi ni sharti lililofungwa kwenye fedha hizo: ukizichukua, kiwanja lazima kibaki wazi kwa kila mtu bila upendeleo, kwa kawaida kwa miaka 20, na kama zimenunua ardhi sharti halina mwisho. Halmashauri haiwezi kuchukua hela leo na kesho kuuza eneo kwa rafiki wa meya.

Ubabe nao upo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2003, Meya Richard Daley wa Chicago aliingiza matingatinga kwenye kiwanja cha Meigs, kando ya ziwa katikati ya jiji, yakachimba alama kubwa za X kwenye njia. Ndege 16 zilikwama pale pale, na zikaruhusiwa baadaye kuondokea kwenye njia ya pembeni. Jiji lilikuja kulipa faini ya dola 33,000 na kurudisha dola milioni moja za fedha za viwanja. Meigs sasa ni bustani. Kiwanja kile hakikuwa cha kijijini, lakini kinaonyesha mwelekeo wa mambo: sehemu iliyochukua miongo kutengwa, ikatunzwa, ikachorwa kwenye ramani, inaondoka usiku mmoja na hairudi, kwa sababu hakuna jamii inayobomoa nyumba ili irudishe njia ya ndege.

Hata hivyo si kila kiwanja kinastahili kutetewa. Viwili vilivyo kilomita 15 mbali kwa barabara nzuri, kimoja kikiwa bondeni na kinajaa maji kila masika, sioni dhambi kufunga hicho cha bondeni. Na kuna lalamiko moja la majirani ambalo wapenzi wa ndege hupenda kulikwepa, nami nitalitaja.

Kabla ya kuruka, rubani huchukua kikombe cha plastiki angavu, akakisukuma chini ya bawa kwenye valvu ndogo, na kutoa mafuta kidogo. Anakinyanyua kwenye mwanga. Anatafuta maji, ambayo ni mazito kuliko petroli na hukaa chini kama kiputo kinachotetemeka. Anatazama pia rangi, kwa sababu petroli ya kawaida ya ndege ndogo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na mafuta ya injini za jeti. Ni buluu nzuri, ya dirisha la kanisa. Na ndani yake kuna madini ya risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Magari yaliachana na petroli yenye risasi dunia nzima mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiuza. Ndege za pistoni, zenye injini kama za magari, bado. Kaunti ya Santa Clara, California, iliacha kuiuza kwenye viwanja vyake tangu Januari 2022, na mwaka 2023 shirika la mazingira la Marekani lilitamka rasmi kwamba risasi itokayo kwenye ndege hizi inahatarisha afya ya umma. Petroli isiyo na risasi ipo. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliidhinisha moja mwaka 2022 kwa injini zote za aina hiyo, na sekta imejiwekea lengo la kuachana na ile ya zamani kufikia mwisho wa 2030. Kuifikisha kwenye tangi moja lililo mwisho wa barabara ya vumbi ni kazi nyingine. Kwa hiyo mama anayeishi karibu na kiwanja cha mafunzo akiuliza mwanawe anavuta nini, asijibiwe habari za uchumi. Ajibiwe ni lini mafuta yatabadilishwa. Ndege kama Cessna Caravan, zenye injini ya tabaini, hazimo kwenye kesi hii kwa kuwa zinatumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa.

Siku hizi nasikia hoja mpya, kwamba viwanja hivi havitahitajika kwa sababu ndege zisizo na rubani zitafanya kazi yote. Mfano unaotolewa ni Rwanda, ambako tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline inapeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zinazorushwa kwa mtambo, zikadondosha kifurushi kwa mwavuli na kurudi bila kutua kule zilikotumwa. Nimeipenda kazi ile na naamini imeokoa watu. Lakini tazama inachofanya: inapeleka. Chupa ya damu inaweza kudondoshwa kwa mwavuli. Mama aliyetokwa na damu hiyo, ambaye zahanati imeshindwa na anahitaji chumba cha upasuaji kilicho kilomita 300 kutoka alipo, hawezi kuinuliwa kwa mwavuli. Helikopta inaweza, kwa gharama kubwa na kwa masafa mafupi. Kwa masafa hayo atakayekuja ni rubani wa ndege yenye mabawa, na atakachouliza kwenye redio ni hali ya njia, upepo unatoka wapi, na kama ile miti ya upande wa magharibi imekwisha katwa.